Ng'ombe Wasio na Mchungaji

Watu wengi ninaokaa nao hawapendi kukumbuka hospitali. Mimi naikumbuka kwa hamu. Asubuhi nikitoka Iringo, mtaa ninaokaa hapa Musoma, kwenda kazini, upepo ukiwa unatokea upande wa wodi, harufu ya spiriti hunifikia barabarani, na mara moja namwona bibi yangu amekaa kitandani, kanga ameifunga kifuani, ananiambia uji umeshapoa mbona nimeusahau. Nimeshindwa kuliondoa hilo kichwani, basi naliandika. Sina haraka. Tangu nimalize darasa la saba mkono wangu haujazoeana sana na kalamu.

Bibi huyo ni mama yake baba, na ndiye aliyenilea. Tulikaa kijiji kimoja upande wa Butiama, chini ya kilima cha mawe makubwa yaliyopandana. Kila asubuhi kabla ya shule nilifungulia ng'ombe, na nilipomaliza shule nikawa nashinda nao. Nilikuwa mtoto wa aibu. Mgeni akija nilipitia nyuma ya nyumba. Malishoni sikuwa na aibu kwa sababu hakukuwa na mtu. Ukipanda juu ya yale mawe, siku ambayo hakuna ukungu, ziwa unaliona mbali kabisa kama bati jipya, na chini yako ng'ombe wametawanyika, na huna la kufanya ila kuwaangalia wasiingie mashambani kwa watu. Sijawahi tena kupata kazi iliyonifaa vile.

Bibi alikuwa na kisukari bila kujua. Mwiba ulimchoma mguu wa kushoto, juu kidogo ya kisigino, akauchomoa, akapaka majani, akaendelea kupalilia. Alikuwa mtu wa kutosema. Mpaka mimi naona anaburuta mguu na kumfunulia kanga kwa nguvu, kidonda kilikuwa kimeshaenea na kingo zake zimekuwa nyeusi.

Shangazi yangu, binti yake bibi, anakaa Bunda. Alikuja akamchukua, akampeleka hospitali ya huko, nami nikaenda kumuuguza, maana mgonjwa wa kwetu halazwi bila mtu wake wa kumfulia, kumletea chakula na kumsindikiza chooni. Kule Bunda walimsafisha kidonda mara moja tu. Alipiga kelele iliyosikika hadi nje walikokaa watu wakisubiri kuwaona wagonjwa. Kesho yake nikafika na uji, kitanda kitupu. Nilimkuta kwenye kijiwe cha bodaboda, amevaa shuka la hospitali na kanga juu yake, anabishana na dereva ampeleke Butiama, naye dereva anasema, "Bibi, kwanza niambie umetoroka au umeruhusiwa."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakasirika. Bibi akamjibu kwamba yeye amezaa watoto saba bila kupiga kelele, na sasa watu wa Bunda wamemsikia analia kwa sababu ya pamba. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa maumivu yenyewe aliyaweza. Kilichomtesa ni kuyangoja, na kuogopa sauti itakayotoka kinywani mwake mwenyewe mbele ya watu.

Kidonda hakikungoja. Baada ya muda mfupi tulikuwa hospitali nyingine, mjini Musoma, na daktari akasema mbele yetu sote bila kuzunguka. Ile nyama nyeusi lazima iondolewe kidogo kidogo kila siku na kidonda kioshwe mpaka nyama nyekundu ionekane. Ikishindikana, atampa rufaa ya kwenda Mwanza, na huko mguu utakatwa chini ya goti. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Daktari alipoondoka akaniambia kwamba mguu ukikatwa yeye atakuwa kama mtungi, akiwekwa kivulini anakaa kivulini, akisahauliwa juani anakaa juani.

Siku ya kwanza ya dresingi, kama wanavyoita kusafisha na kufunga kidonda, alianza kutetemeka kabla hajaguswa. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye maneno ya mzaha, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alifungua bandeji tu, bibi akarusha mguu. Sinia la vyuma likaanguka, mikasi ikatawanyika sakafuni. Bibi akaomba radhi kwa heshima zote, halafu akasema harudii. Nesi akanivuta pembeni. Alisema dawa ya usingizi haiwezi kutolewa kila siku kwa mtu wa umri ule, na kumfunga mama wa watu kwa kamba hawezi. Mimi nikaanza kuokota mikasi. Nilikuwa bado sijaongea na nesi yule hata sentensi moja iliyokamilika.

Wakati huo kulikuwa na dada mmoja kutoka Dar es Salaam, amekuja na mradi wa kujaribu miwani kwa wagonjwa. Nilikuwa nimemwona akipita na begi lake. Miwani yenyewe si ya kawaida. Ni kama kopo jeusi pana, linafunika macho yote, linafungwa kichwani kwa mkanda, na lina vispika pembeni ya masikio. Ukiivaa huoni chumba. Unaona mahali pengine, na ukigeuza kichwa unaona pembeni, ukigeuka nyuma unaona nyuma, kama vile umesimama huko. Yule dada alisema kitaalamu inaitwa uhalisia pepe, ila wodini kila mtu aliita miwani tu. Kazi yake ni kuyatoa mawazo ya mgonjwa pale kwenye sindano na mikasi, hofu ipungue.

Niliiona ikifanya kazi kabla ya bibi. Kulikuwa na mtoto wa kike wa upande wa Murangi, hajaanza shule, uji wa moto ulimmwagikia mkono. Zamani akifika mlangoni tu anaanza kulia. Walimvalisha miwani wakamwekea picha za chini ya maji, akawa ananyoosha mkono mzima kushika samaki huku ule mwingine unaoshwa. Mama yake alisimama ukutani anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Na kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyechunika goti. Alisema yeye mtu mzima, katuni awekewe mtoto. Spiriti ilipomgusa akamwita mama yake. Kesho yake alikuwa wa kwanza kuuliza miwani iko wapi.

Zamu ya bibi ilipofika, dada alimpigia magoti akamwamkia, akamweleza. Bibi akaitikia marahaba na kuuliza kama kile kitu hakitamnyonya macho. Dada akacheka, akamhakikishia. Kisha akauliza bibi anapenda kuona nini. Bibi akanitazama. Mimi nikatazama sakafu, nikasema, "Ng'ombe."

Dada alitafuta kwenye kishikwambi chake, akapata. Kishikwambi hicho kilikuwa kinaonyesha kile anachokiona mwenye miwani, kwa hiyo nami niliona. Kilima kimefunikwa majani mabichi mafupi kama yamenyolewa. Hakuna jiwe hata moja. Ng'ombe weusi wenye madoa meupe, wanene, wana kengele shingoni. Mbali kuna nyumba moja, na upande wa kulia shamba la kitu kama ngano, halina uzio wala seng'enge. Nilifikiri tumepata. Ilikuwa picha ya mahali pazuri sana.

Bibi alishika miwani kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Hawa wamekatwa nundu?"

Dada akasema hapana, ndivyo walivyo huko kwao.

"Maskini," bibi akasema. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akajipinda mpaka nesi akamshika bega. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Nani, bibi?"

"Mwenye ng'ombe. Au mtoto wake. Simwoni mtu."

Dada alimwambia kwa upole avute pumzi, aitoe polepole, atazame tu mazingira. Bibi akajibu kuwa anayatazama, na ndiyo sababu anauliza. Nesi alikuwa ameshaanza. Nilimwona anamwaga maji ya dawa, na bibi akakaza shingo, lakini mguu haukurushwa. Alikuwa ameinua kidole anaonyesha hewani. Yule mwenye doa usoni, alisema, huyo ndiye mchokozi, huyo ndiye atakayewapeleka wenzake shambani kwa watu, mtazameni anavyojifanya anakula majani huku miguu inaelekea kule. Akamsema mwenye doa muda wote. Nesi alifanya nusu ya kazi aliyotakiwa kufanya, zaidi ya alivyowahi kupata, na alipofunga bandeji jasho lilikuwa linamtoka yeye.

Dada alifurahi. Akamvua bibi miwani, akamuuliza kama alitulia.

"Nitatulia vipi?" bibi akasema. "Ng'ombe wanaingia shambani na hakuna mtu."

Jioni ile wodini alinisimulia upya kama mtu aliyetoka safari. Aliuliza kama mimi pia nimeona kuwa hakuna zizi. Nikasema nimeona. Tulikula ugali na sato aliotuletea ndugu yetu mmoja wa mjini, bibi akachambua miiba anawaza. Nilikuwa sijamwona akiwaza kitu kingine zaidi ya kidonda kwa siku nyingi, na nikalala nikiwa na moyo mwepesi kidogo.

Kesho yake dada akamwekea picha ileile. Kwake lilikuwa jambo la maana, kwamba mgonjwa amepazoea mahali. Bibi alipofunguliwa macho huko sauti yake ikatoka nzito.

"Hawa wamelala nje."

Dada akaeleza kuwa ni video, imerekodiwa, inaanzia palepale kila ikiwashwa. Bibi akamwacha amalize.

"Mwanangu, najua ni picha. Redio naijua, simu naijua. Lakini huyo aliyepiga hii picha alikuwa mtu. Alisimama hapo, akawatazama wanakwenda shambani kwa wenzake, hakuokota hata jiwe la kuwarudisha?"

Dada akatazama kishikwambi chake. Nesi akacheka, akasema labda kwao hawana mawe. Lakini bibi hakuwa anatania. Kwetu mtu anayeacha ng'ombe walale nje hutajwa kwa ubaya mpaka wajukuu zake. Wezi wapo, fisi wapo. Na ng'ombe akila shamba la jirani, wazee wa pande mbili wanakaa kikao. Alizidi kukasirika, na hasira ikamrudisha kwenye mguu. Mkasi ulipogusa alishtuka, akaivua miwani mwenyewe, akaiweka pembeni taratibu kama sahani ya mgeni, na kusema basi kwa leo. Hakuna aliyeweza kumbadilisha. Shangazi alipiga simu kutoka Bunda, akamgombeza, bibi akanirudishia simu kabla hajamaliza.

Mchana daktari alikuja, akafunua bandeji, akainusa. Alituambia wiki ile ikiisha bila nyama nyekundu ataandika rufaa. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Bibi alikuwa anatazama dirishani. Baadaye nilipomvalisha soksi mguu wa kulia aliniambia nikirudi nyumbani nisimuuze yule jike mweusi aliyezeeka, hata wakiniambia ameacha kuzaa. Aliongea kama mtu anayeaga.

Siku iliyofuata chumba cha dresingi kilikuwa kimejaa. Mtoto wa Murangi alikuwa amepakatwa na mama yake, wa bodaboda amekaa kwenye benchi na goti lake wazi, na wanafunzi wawili wa unesi wamesimama ukutani. Dada alikuwa ameandaa picha nyingine. Alimwambia bibi leo atampeleka pwani, mchanga mweupe, hakuna mnyama wa kumsumbua. Bibi akakataa.

"Nirudishie walewale. Siwezi kuwaacha wale nikaenda kutazama mchanga."

Akavalishwa. Nesi akafungua bandeji, na nikaona goti la bibi linaanza kucheza chini ya kanga. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kitanda. Nesi alisubiri na koleo yake mkononi. Alikuwa ananitazama mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu mimi na bibi ni damu moja.

"Mume wangu," bibi akaita. Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. "Uko hapo?"

"Nipo, bibi."

"Si ulikuwaga mchungaji wewe? Wapigie mluzi."

Nilihisi masikio yangu yanapata moto. Kwanza nilikuwa sijawahi kupiga mluzi mbele ya watu, hata mbele ya wenzangu wa shule. Pili, kwetu mluzi haupigwi ndani ya nyumba. Ni mwiko. Unaita nyoka, na unaita mambo mengine ambayo wazee hawayataji. Bibi huyuhuyu aliwahi kunichapa kwa mwiko wa ugali, nikiwa mdogo, kwa kusahau na kupiga mluzi jikoni. Nikasogea karibu na sikio lake nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, tuko ndani."

"Wewe ndiye uko ndani," akasema. "Mimi niko huku, nao wanakwenda."

Sikuwa na pa kwenda. Nyuma yangu mlango, mbele yangu nesi na koleo. Mguu wa bibi ulikuwa wazi chini ya taa, na kwa mara ya kwanza niliutazama bila kukwepesha macho. Nikalamba midomo, nikaikunja, nikapuliza. Ilitoka hewa tupu.

"Huo ni mluzi au unapoza chai?" wa bodaboda akauliza, na benchi zima likacheka. Hata mama wa mtoto alicheka.

"Mwacheni mume wa watu," nesi akasema. "Bwana, endelea. Nakusubiri wewe."

Dada akapunguza sauti ya miwani. Mimi nikafumba macho. Nilijaribu kuukumbuka mwamba wa juu, ule niliokuwa nikikaa saa za jioni, na harufu ya ng'ombe walioshiba, na jua likiwa limelala upande wa ziwa. Mluzi wetu wa kuwageuza ng'ombe unaanza chini, unapanda mrefu, halafu unakatika ghafla kama kamba. Unarudiwa mpaka yule wa mbele asimame. Nikavuta pumzi, nikapiga.

Ulitoka wote. Chumba ni kidogo, kuta za vigae, sauti ikajigonga na kurudi mpaka mtoto akaziba masikio. Korido nzima ikanyamaza. Mtu alichungulia mlangoni, akatutazama na kuondoka. Sikufumbua macho. Nikapiga tena.

"Ehee," bibi akasema. "Huyo mwenye doa ameinua kichwa."

Nikafumbua jicho moja nikatazama kishikwambi. Mwenye doa alikuwa hajainua kitu. Alikuwa anakwenda vilevile, taratibu, kuelekea kwenye ngano. Lakini bibi alikuwa anaelekeza kwa kidole, huyo wa nyuma, msukume huyo wa nyuma, mpigie upande wa chini. Na mimi nikapiga upande wa chini, ingawa sijui upande wa chini ulikuwa wapi. Nesi alikuwa ameinama. Niliona nyama nyeusi ikitoka vipande vidogo na kuwekwa kwenye kidishi. Bibi alikunja uso mara kadhaa, na kila alipokunja aliongea zaidi, safari hii kwa lugha ya nyumbani, maneno ya kumtukana ng'ombe ambayo mtu hamwambii binadamu. Mwanafunzi mmoja wa unesi aliyaelewa, akageukia ukutani mabega yanatikisika.

Goti la bibi lilikuwa limetulia. Sikuona lilipotulia.

Nesi aliponyoosha mgongo alisema, "Bibi, nimemaliza."

"Ngoja kwanza," bibi akamjibu. "Wamebaki wawili."

Basi ikawa hivyo. Kila siku ya dresingi nilipiga mluzi ndani ya jengo la serikali, na hakuna nyoka aliyekuja. Wa bodaboda alipona na kuondoka, ila kila alipoleta abiria hospitalini alichungulia dirishani kuuliza kama mchungaji ameshafika kazini. Mtoto wa Murangi alitaka naye apigiwe, tukampigia, japo samaki hawachungwi. Wagonjwa wa korido walizoea. Babu mmoja wa Suguti, aliyekuwa amelazwa kwa ugonjwa mwingine kabisa, aliniambia mluzi wangu umemfanya aote yuko kwao. Aliniuliza natumia ulimi au midomo mitupu. Tuliongea kirefu juu ya hilo, mimi na mtu nisiyemjua, na nilipoondoka ndipo nikashangaa.

Dada wa miwani alikuwa anakaa nasi wakati wa mapumziko. Aliniuliza mambo ya uchungaji, nikamweleza kidogo kidogo, nikiangalia vidole vyangu. Aliniambia jambo ambalo bado nalikumbuka. Alisema walipofundishwa, walifundishwa kuwatafutia watu mahali pa kupumzika, na yeye alidhani kila mtu hupumzika akiwa hana kazi. Nikamwambia bibi hajawahi kukaa bila kazi tangu nimjue. Akasema naam, anaona.

Nesi naye alinifundisha kuvaa glavu bila kugusa upande wa nje, kuchemsha maji na kuyapoza, kuosha kutoka katikati kwenda pembeni, kukunja bandeji isikaze. Alisema siku zitafika hatutakuwa naye.

Wiki ile iliisha. Daktari alikuja na wenzake, akainama, akabonyeza kando ya kidonda kwa kidole chenye glavu. Damu ikatoka, safi. Nilikuwa nimeshika ukuta. Alibonyeza tena upande mwingine, ikatoka tena.

"Hii nimeipenda," akasema. "Mwanza hatuendi."

Bibi akamuuliza kama ana uhakika. Daktari akasema mguu huu utabaki wako, mama, ila sukari uiache. Bibi akasema asante mwanangu, wote wakaondoka. Kisha akanituma nikamnunulie chai isiyo na sukari, na niliporudi nilimkuta amejifunika kanga uso mzima. Niliweka chai pale nikaenda kusimama nje.

Mradi ulikwisha kabla kidonda hakijafunga. Dada akafungasha miwani kwenye begi lake, akampigia bibi magoti kuaga. Bibi alimshika kichwa, akamwombea safari njema, na kumwagiza akimwona mwenye ng'ombe wale amfikishie salamu zake, na salamu hizo azipunguze makali njiani. Siku iliyofuata tulikuwa dresingi bila miwani. Nesi akanikonyeza nipige mluzi tu, bibi afumbe macho. Nikajiandaa. Bibi akanikatiza.

"Ng'ombe wako wapi?" akasema. "Unampigia nani mluzi ndani ya nyumba ya watu? Huna adabu?"

Akauma ncha ya kanga, akatazama dari, na nesi akaosha. Iliuma, nilimwona. Alitoa sauti moja, ndogo, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Tuliporuhusiwa tulipita Bunda kwa shangazi, tukalala, halafu Butiama. Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Mimi nilikuwa daktari wake. Bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na alipokufa haikuwa kwa mguu. Ng'ombe waligawanywa, wakauzwa, kila mtu akachukua njia yake, na mimi nikaja mjini kama wengine. Hapa Musoma nabeba mizigo dukani na siku nzima naongea na wateja. Aibu imebaki kidogo tu. Lakini sina wa kumpigia mluzi, na ninapokaa uani jioni midomo hujikunja yenyewe, halafu nakumbuka kuna wapangaji wenzangu.

Nataka niandike asubuhi moja tu ya kule nyumbani, kisha niishie. Bibi alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, mguu ameuweka juu ya gunia safi. Mimi nimechutama na beseni. Tangu Bunda hadi siku ile hakuwahi kukitazama kidonda chake. Hospitalini alikuwa na miwani, na kabla yake alitazama ukuta, na hata nyumbani nilipomfungua aligeukia migomba. Asubuhi hiyo nilipotoa bandeji akasema ngoja. Akajishika magoti, akainama polepole mpaka uso wake ukawa karibu na mikono yangu.

Kilikuwa kimebaki kama punje ya haragwe, chekundu, kikavu pembeni.

"Ndicho hiki?" akauliza.

"Ndicho, bibi."

"Hiki kilichonifanya nilie Bunda nzima wakanisikia?"

Nikamwambia kilikuwa kikubwa zaidi wakati ule. Alikitazama muda mrefu, kama anavyotazama mbegu kabla ya kuipanda. Kisha akanyoosha mgongo, akaniambia nifunge haraka, kumekucha. Nilipofunga alishusha mguu kwenye udongo, akauegemea kidogo, akauegemea wote. Akaomba fimbo yake, nikampa. Nilibaki nimechutama na beseni la maji machafu mkononi, namwangalia anavyokwenda zizini, anachechemea, bila kuniita.